Kufuata na Kufuatwa: Vijiji vya Njia ya Kibiti hadi Lindi katika Historia, 1873–2024

Katika mabishano ya fidia nchini Tanzania kuna swali linaloulizwa kwa maneno machache na kujibiwa kwa haraka: je, barabara ndiyo iliyomfuata mwananchi, au mwananchi ndiye aliyeifuata barabara? Aliyefuatwa hulipwa; aliyefuata huvunjiwa nyumba bila malipo. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliongeza upana wa hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 45 hadi mita 60, yaani mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Tangu hapo swali hilo limekuwa likijibiwa kwa rangi ya alama ya X inayopakwa ukutani: nyekundu kwa aliyejenga ndani ya eneo la awali, kijani kwa aliyekutwa na nyongeza ya mita saba na nusu.

Insha hii inadai kwamba swali hilo ni la kihistoria kabla ya kuwa la kisheria, na kwamba likiulizwa kuhusu njia itokayo Kibiti kwenda Lindi halina jibu moja. Vipo vipindi ambavyo watu waliifuata njia kwa hiari yao, vipo vipindi ambavyo waliburutwa hadi pembeni yake kwa amri, na vipo vipindi ambavyo njia yenyewe iliwahama. Kuvichanganya vipindi hivi katika neno moja, “wavamizi”, ni kosa la kitaaluma lenye gharama kwa watu wasiokuwa na hati yoyote mkononi.

Njia inayochunguzwa hapa inatoka Kibiti, inapita Ikwiriri, inavuka Mto Rufiji na kufika Ndundu, kisha Nyamwage, Marendego, Somanga, Njia Nne na Nangurukuru. Inavuka Mto Mbwemkuru, inapita Mchinga na kufika Lindi. Majina mengine yanajieleza. Njia Nne ni mahali ambapo njia ya kwenda Kipatimu, katika vilima vya Umatumbi, inakutana na barabara kuu. Nangurukuru nayo, pamoja na kuwa jina lake halisemi hivyo, ni njia panda: mashariki Kilwa Masoko, magharibi Liwale. Maandishi mengi kuhusu mikoa ya kusini yanaieleza barabara hii kama kitu ambacho hakikuwapo, na historia ya kusini imeandikwa kwa sehemu kubwa kama historia ya kukosa. Mtazamo huo una ukweli wake, lakini unaficha jambo moja: njia ilikuwapo muda mrefu kabla ya lami, na waliokaa pembeni yake walikuwa na sababu za kuikaribia na sababu za kuikimbia.

Sababu za kuikimbia ndizo zilizotangulia katika kumbukumbu zilizoandikwa. Mnamo Juni 1873 Sultani Barghash wa Unguja alitia saini mkataba wa kupiga marufuku usafirishaji wa watumwa kwa njia ya bahari. Biashara haikufa, ilipanda nchi kavu. Misafara iliyokuwa ikipakiwa majahazini Kilwa ilianza kutembea kuelekea kaskazini sambamba na pwani. Frederic Elton, afisa wa ubalozi mdogo wa Uingereza Unguja, alisafiri kwa miguu kutoka Dar es Salaam kwenda Kilwa, na katika mwezi mmoja tu, kuanzia tarehe 21 Desemba 1873 hadi tarehe 20 Januari 1874, alihesabu watumwa 4,096 waliopitishwa kwenda kaskazini. Barghash alitoa amri ya kuifunga misafara ya nchi kavu mwaka 1876. Hesabu ya Elton hutumiwa na wanahistoria wa utumwa. Kwa mwanahistoria wa barabara ina maana nyingine pia: tunapoanza kuiona njia ya Kilwa kwenda kaskazini ikiwa na idadi ya wapitaji, wapitaji hao hawakuwa wakiifuata njia kwa miguu yao wenyewe.

Utawala wa Wajerumani haukubadilisha sana tabia hiyo ya njia. Kodi, kazi za lazima na pamba ya mashamba ya pamoja vilisimamiwa na maakida waliokaa mahali panapofikika. Vita vya Maji Maji vilipolipuka mwishoni mwa Julai 1905 katika vilima vya Umatumbi, miongoni mwa mambo ya kwanza waliyoyafanya wapiganaji ilikuwa kuteremka hadi Samanga, Somanga ya leo, na kukichoma kituo cha biashara kilichokuwa hapo. Kinjikitile Ngwale naye alinyongwa Mohoro, kwenye ofisi ya serikali ya wilaya, mapema mwezi Agosti. Kwa watu wa vilimani, kituo cha njiani kilikuwa mahali pa kutozwa na kuadhibiwa, hivyo kuishi mbali nacho kulikuwa uamuzi wenye busara. Makazi yaliyotawanyika, ambayo maofisa wa baadaye waliyaita dalili ya kukosa maendeleo, yanapaswa kusomwa kwa mwanga huo.

Kipindi cha Waingereza nitakipita upesi. Fedha kubwa iliyotengwa kwa ajili ya Jimbo la Kusini iliingia katika mradi wa karanga wa Nachingwea na reli yake, si katika njia ya pwani. Mradi ulianguka, na reli ikafungwa mwaka 1962 kisha ikang'olewa. Nchi huru ilirithi bandari ya Mtwara na barabara ya udongo iliyokatika kila masika.

Kipindi kinachohitaji kukaliwa zaidi ni kile cha 1968 hadi 1976, kwa kuwa ndicho kilichoweka vijiji mahali vilipo sasa. Kabla yake, wakazi wengi wa Rufiji waliishi bondeni. Maisha yao yalipangwa na mto: mpunga wakati wa maji, kisha kilimo cha mlau katika udongo wenye unyevu baada ya maji kupungua, wakilinda mashamba yao kutoka katika madungu, vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo. Mafuriko makubwa ya mwaka 1968 yaliipa serikali sababu ya kuwahamishia kwenye ardhi ya juu. Operesheni Rufiji ilikuwa miongoni mwa operesheni za mwanzo kabisa za kuhamisha watu nchini, miaka mitano kabla Mwalimu Nyerere hajatangaza, Novemba 1973, kwamba kuishi vijijini ni amri. Tangazo hilo lilipofika Kilwa na Lindi, utekelezaji wake ulifuata kanuni iliyokuwa ikifuatwa nchi nzima: kijiji kiwekwe barabarani. Sababu zilizotolewa zilieleweka, kwani shule, zahanati, kisima na lori la kununua korosho vingefika kwa urahisi. Sababu ambayo haikutolewa ilieleweka pia: aliye barabarani anahesabika.

Waliohamishwa hawakuacha kulima bondeni. Walitembea kwenda na kurudi, wakiwa na nyumba mahali pamoja na chakula mahali pengine, na mgawanyiko huo wa nyumba na shamba bado unaonekana katika vijiji vya kandokando ya njia. Kwa hoja ya insha hii, jambo la msingi ni kwamba nyumba zilipangwa kwa mstari ulioonyeshwa na viongozi wa operesheni. Umbali kutoka barabarani ulichaguliwa na aliyeshika kamba ya kupimia, si na mwenye nyumba. Mtu wa namna hii aliifuata barabara, au barabara ilimfuata? Kitenzi cha kufuata kinamhitaji mtendaji aliyetaka kutenda. Hapa mtendaji alikuwa serikali, na katika swali la fidia mtendaji huyo hatajwi.

Hata hivyo, si vijiji vyote vilivyoundwa kwa amri. Vingine viliundwa na kukwama. Mfano mkubwa ni Ndundu, ambapo kwa miongo kadhaa magari yalivushwa Mto Rufiji kwa pantoni. Mwandishi wa insha hii alivuka hapo akiwa mtoto, katika miaka ya 1990, na anachokikumbuka zaidi kuliko mto ni foleni: mabasi na malori yaliyozimwa injini, utingo waliolala chini ya chesi, mikeka iliyotandikwa kando, na akina mama lishe waliomfahamu kila dereva kwa jina. Maji yalipokuwa mengi pantoni ilisimama, na yalipopungua sana ilikwama kwenye mchanga. Kusini mwa mto, udongo wa mfinyanzi uliyashika magari kwa siku nyingi. Safari ambayo leo ni ya saa chache ilipangwa kwa siku, na wakati wa masika wenye uwezo walingoja meli.

Kusubiri huko kulikuwa mtaji wa Ndundu. Wali, samaki wa mto, maembe, maji ya kuoga, mahali pa kulala, vijana wa kusukuma magari: vyote viliuzwa kwa sababu safari ilikatika. Wakazi wa sehemu hizi waliifuata njia kwa maana kamili ya neno hilo, lakini walifuata pale ilipokatika, si pale ilipopita vizuri. Hili linatoa fundisho la mbinu kwa mtafiti. Ramani ya barabara haitoshi kueleza kwa nini kijiji kipo. Inahitajika ramani ya mahali magari yalipokwama.

Sisemi haya kwa kuisifu foleni. Mto uleule uliomlisha mama lishe ulimzuia mjamzito aliyehitaji hospitali ng'ambo ya pili, na bei ya sukari na saruji Lindi ilibeba gharama ya kila usiku ambao lori lililala njiani. Vijana wengi wa Lindi waliikata njia hii kwenda Dar es Salaam kutafuta riziki kwa kuuza bidhaa mkononi, na wengi huamini kuwa jina wamachinga, ambalo leo ni la wafanyabiashara wadogo wote nchini, lilianza na Wamachinga wa huko. Ikiwa ni hivyo, basi njia mbovu haikuwazuia watu kuondoka. Iliyazuia mazao na huduma kwa ukali zaidi kuliko ilivyowazuia watu.

Daraja la Rufiji lilifunguliwa mwaka 2003 na kupewa jina la Rais Benjamin Mkapa, ambaye mwenyewe alikuwa mtu wa kusini, mzaliwa wa Lupaso, Masasi. Lina urefu wa takriban mita 970, na lilijengwa kwa fedha za serikali pamoja na mikopo ya Kuwait na ya Mfuko wa OPEC. Katika hotuba na magazeti lilielezwa kuwa limeifungua kusini, na ndivyo ilivyokuwa. Kilichotoka kwanza kwa wingi kupitia mlango huo kilikuwa magogo. Utafiti wa shirika la TRAFFIC uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha jinsi biashara ya mbao ilivyopanda katika wilaya za kusini baada ya daraja, na jinsi mapato mengi mno yaliyostahili kuingia katika halmashauri na hazina yalivyopotea. Vijiji vilivyouza mninga na mkongo kwa bei ya njaa vilikuwa vimefikiwa na barabara, lakini havikuwa na taarifa za bei ya mwisho wa barabara.

Kwa Ndundu, daraja lilikuwa na maana nyingine. Pantoni iliondoka na foleni ikaondoka nayo. Magari yaliyokuwa yakilala yakaanza kupita. Biashara ilihamia Ikwiriri upande wa kaskazini, ambako palikuwa na soko na stendi, na Somanga upande wa kusini, ambako abiria hushuka kununua samaki wa kukaanga. Kwa muda, kipande cha takriban kilomita 60 kati ya Ndundu na Somanga, kilichobaki bila lami baada ya vipande vingine kukamilika, kilirithi kazi ya mto: magari yaliendelea kukwama humo hadi katika miaka ya mwanzo ya 2010. Lami ilipokamilika, biashara ya kukwama ilikwisha. Hakuna kanuni ya fidia kwa riziki ya aina hiyo, na pengine haiwezekani kuitunga. Lakini mtafiti anayehesabu faida za barabara kwa saa zilizookolewa ana wajibu wa kusema saa hizo zilikuwa zikilipwa na nani na kwa nani.

Mapema Mei 2024, mvua zilizoambatana na Kimbunga Hidaya ziliikata barabara hii katika maeneo kadhaa ya Kilwa, Somanga ikiwamo, na kwa siku kadhaa Lindi na Mtwara zilitengana na Dar es Salaam kwa njia hiyo. Foleni ikarudi. Wenye umri mkubwa njiani hawakuhitaji kuelezwa la kufanya.

Inabaki hoja ya ushahidi. Mkazi anapodai kuwa alikuwapo kabla, huombwa karatasi. Karatasi ya zamani kuliko zote ambayo vijiji vingi vinaweza kuonyesha ni cheti cha kuandikishwa, kilichotolewa baada ya Sheria ya Vijiji na Vijiji vya Ujamaa ya mwaka 1975. Barabara, kwa upande wake, imo katika ramani za kikoloni. Kwa kipimo hicho, barabara itakuwa imetangulia daima, hata pale ambapo aliyekipanga kijiji kandokando yake ni serikali ileile inayouliza swali. Mafaili ya operesheni, orodha za kaya zilizohamishwa na michoro ya vijiji ya miaka ya 1970 ndivyo vinavyoweza kuonyesha ni nani aliyeelekezwa kujenga wapi, na kwa umbali gani kutoka katikati ya barabara. Nyaraka hizo hazijawahi kuhesabiwa kuwa sehemu ya historia ya barabara. Mikorosho na makaburi ya kabla ya operesheni nayo ni ushahidi, lakini hayapo ndani ya mita 30. Yako bondeni na vilimani, huko watu walikotolewa.