Mikono Iliyojenga: Useremala na Zana Zake katika Pwani ya Ziwa Victoria

Kitabu cha jubilei hutaja majina ya wachungaji, wainjilisti na maaskofu, na ndivyo ipasavyo. Lakini msharika anayeketi ibadani kila Jumapili ameketi juu ya kazi ya mtu ambaye mara nyingi jina lake halikuandikwa popote. Mimbari, mabenchi, milango na kenchi za paa vilitoka katika karakana ndogo nyuma ya nyumba ya seremala. Tunapomshukuru Mungu kwa miaka mia moja, ni vema tumkumbuke.

Siku Kumi za Kageye

Useremala haukuletwa ziwani na wageni. Wenyeji walikwisha kujua kuchonga mitumbwi kwa shoka na tezo, na kulainisha mti kwa majani makavu ya msasa, ambayo jina lake tumelipa karatasi ya dukani. Misheni ilileta zana nyingine, pamoja na taabu ya kuzitunza.

Mwezi Juni 1878 Alexander Mackay, fundi mitambo Mskoti aliyewahi kufanya kazi Berlin, alifika Kageye, upande wa kusini wa ziwa, si mbali na Mwanza. Hakuwa Mlutheri wala mchungaji. Alitumwa na chama cha Kianglikana cha CMS. Wenzake wawili walikuwa wameuawa Ukerewe mwezi Desemba 1877. Mizigo yao aliikuta imerundikwa ovyo: misumeno na Biblia, herufi za kupigia chapa, mivukuto ya mhunzi na mbegu za bustani, vyote vimejaa kutu na vumbi. Ilimchukua siku kumi, tangu alfajiri hadi giza, kuvipanga. Kabla ya kufika alikotumwa kulihudumia Neno, alianza kwa kusafisha zana.

Faida ilionekana upesi. Mashua yao, Daisy, iliyoletwa vipande vipande na wapagazi kutoka Bahari ya Hindi, ilivunjwa na dhoruba katika pwani ya magharibi. Mackay na mwenzake Wilson waliondoa futi 8 za katikati, wakaunganisha omo na tezi, na mbao zilizoondolewa wakazifanya viraka. Baada ya wiki nane mashua ilielea tena, na mwezi Novemba walifika Buganda. Kama misumeno ingeachwa ile kutu, safari ingeishia pale ufukoni. Mackay alifariki Usambiro, kusini mwa ziwa, tarehe 8 Februari 1890.

Mwaka 1910 wamisionari Walutheri wa Betheli kutoka Ujerumani walifika Bukoba, wakakuta Wakristo wenyeji wameanza kukusanyika. Reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928, na mizigo iliyochukua miezi kwa miguu ikasafiri kwa siku chache. Tangu hapo fundi wa kawaida aliweza kuwa na randa yake mwenyewe.

Karakana ya Nyumbani

Karakana ya seremala wetu haikuhitaji fedha nyingi. Ilitosha kivuli cha mwembe au paa la bati, na meza ya kazi nzito isiyotikisika, yenye jiliwa la kubania mbao. Zana zilinunuliwa moja moja: msumeno, nyundo, randa, patasi, kisha keekee. Mbao za mvule na mninga zilipangwa kivulini, zikitenganishwa kwa vijiti ili hewa ipite, zikakaa miezi kadhaa. Aliyeharakisha mbao mbichi aliona aibu yake kanisani, benchi lilipoachia viungo.

Adui mkubwa ni unyevu wa ziwa. Kwa hiyo jioni, kabla ya kunawa mikono, fundi alipangusa kila chuma na kukipaka mafuta kidogo. Randa aliilaza ubavu, wala hakuisimamisha juu ya ulimi wake. Patasi aliinoa kwa jiwe na maji mpaka ikate bila kulazimishwa. Meno ya msumeno aliyanoa kwa tupa ya pembe tatu, kisha akayapinda moja kulia, moja kushoto, ili msumeno usikwame ndani ya mbao. Mwanafunzi alianza na kazi hizi kabla ya kuruhusiwa kukata hata ubao mmoja, na wengi waliona wanaonewa. Baadaye walielewa kwamba zana butu humchosha fundi, huharibu mti, na ndiyo inayoteleza na kumjeruhi.

Wito kwa Miaka Ijayo

Katika nyumba nyingi za wazee wetu liko sanduku la zana ambalo halijafunguliwa tangu mwenyewe alipotwaliwa. Watoto wana kazi nyingine, na msumeno wa baba unaliwa na kutu mvunguni mwa kitanda. Vijana nao wanatafuta ajira. Vitu hivi viwili viko katika usharika mmoja, pengine katika nyumba moja, na havijakutanishwa.

Maandiko yanasema Bezaleli alijazwa roho ya Mungu kwa ajili ya kazi ya mikono, na Bwana wetu mwenyewe aliitwa seremala. Basi masanduku hayo na yafunguliwe wazee wanaojua kunoa wakiwa bado hai. Mackay alitumia siku kumi. Sisi pia tunaweza kuzipata.