Walichanjana, Lakini Hawakuaminiana

Ndugu msikilizaji, vijana wa Ipuli, kama wenzao wa mijini kote, wanawafahamu Superman na Batman wa vitabu vya katuni vya Marekani. Mashujaa hao hupigana bega kwa bega, lakini kila mmoja humtazama mwenzake kwa jicho la pembeni. Katika hadithi moja ya mwaka 1986 walifikia hata kutwangana.

Hayo ni ya karatasini. Hapa Tabora, kwenye njia kuu ya misafara ya kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji, yalitokea ya kweli.

Mwaka 1871 mwandishi wa habari Henry Morton Stanley alifika Unyanyembe akimtafuta Livingstone. Akakuta njia ya Ujiji imefungwa na Mtemi Mirambo wa Urambo, aliyekuwa akigombana na wafanyabiashara Waarabu juu ya hongo na biashara ya pembe. Stanley akajiunga na Waarabu. Walikwenda kumpiga Mirambo huko Wilyankuru, naye akawavizia na kuwaua wengi. Stanley, akiwa mgonjwa wa homa, alirudi Kwihara. Mwezi huohuo wa Agosti Mirambo aliingia Tabora yenyewe na kuiteketeza. Ilimbidi Stanley azungukie kusini ndipo afike Ujiji.

Miaka mitano baadaye, Aprili 1876, adui hao wawili walikaa pamoja. Manwa Sera, kiongozi wa wapagazi wa Stanley, aliwachanja miguu na kuwachanganyia damu. Wakawa ndugu. Stanley, aliyetarajia kuona jambazi, alikiri kuwa amekutana na mtu mpole na mwungwana.

Je, mapenzi yalitoka wapi? Ndugu msikilizaji, tusidanganyike. Stanley alitaka njia iliyo salama. Mirambo alitaka rafiki Mzungu, ili asiwe peke yake mbele ya Waarabu na Sultani wa Unguja. Kila mmoja alikuwa na shida yake, na damu ile ilikuwa muhuri wa shida hizo mbili.

Mirambo aliendelea na njia hiyo. Tangu mwaka 1879 alimkaribisha Urambo daktari mmisionari, Ebenezer Southon. Alitafuta pia urafiki wa John Kirk, balozi wa Uingereza huko Unguja. Lakini mwaka 1880 wapiganaji wake walipoushambulia mji wa Mpimbwe, Waingereza wawili, Carter na Cadenhead, waliuawa humo. Kirk akamgeuzia kisogo. Urafiki uliojengwa kwa miaka ukavunjika kwa vita vya siku moja.

Mirambo alifariki Desemba 1884, na dola yake ikaanza kulegea. Huku Unyanyembe, Mtemi Isike alibaki na ngome yake ya Isiunula. Januari 1893 Wajerumani waliivamia. Isike, alipoona yamekwisha, alijilipua kwa baruti pamoja na jamaa zake kuliko kukamatwa.

Hapo ndipo penye uchungu wa habari hii. Urambo na Unyanyembe ni majirani, wote Wanyamwezi, wenye lugha moja na mila moja. Mirambo alichanjana na mgeni aliyekuja kumpiga, lakini kati yake na jirani yake haukupatikana umoja wa kudumu. Mgeni alipokuja na mizinga, kila mmoja alikuwa amekwisha kuanguka au kuachwa peke yake.

Hatuwahukumu wazee wetu. Mirambo alikuwa hodari, na alijua kuwa adui wa leo aweza kuwa msaada wa kesho. Lakini urafiki wa shida huisha shida ikiisha. Ujirani hauishi, kwani jirani hahami. Wahenga walisema, fimbo ya mbali haiui nyoka.

Kwa hiyo tunapotafuta wa kuungana nao, sokoni, ofisini au katika siasa, tujiulize: huyu nimemfuata kwa kuwa namwamini, au kwa kuwa namhitaji leo? Na yule wa ukuta wa pili, nimemwachia nani?