Kuta za Shiganshina na Handaki la Gatundu

Biashara ya muvi katika miji ya Thika na Ruiru ina historia yake, na ningependa iandikwe kabla waliokuwa ndani yake hawajaisahau. Ilianza na video show. Makongeni, Kiandutu, Kihunguro, Kimbo, kila mtaa ulikuwa na banda lake la mabati: mabenchi ya mbao, runinga moja juu ya kabati, deki iliyofungiwa ndani ya wavu wa chuma isije ikaibwa, na ubao mlangoni ulioandikwa kwa chaki filamu za siku hiyo. Mchana ilikuwa ya Kichina, jioni ya Kihindi, na usiku ya Schwarzenegger. Kiingilio kilikuwa sarafu tu. Baadaye akatokea DJ Afro, aliyesimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili cha mtaani, na watu ambao Kiingereza kiliwapita kando wakaanza kucheka na kulia pamoja na wengine.

Kanda zikaisha, zikaja VCD, kisha DVD. Hapo ndipo duka la muvi lilipozaliwa: chumba kimoja chembamba, kompyuta ya kuchomea, rundo la DVD tupu, na ukuta mzima wenye picha za majalada yaliyochapishwa kwa wino hafifu. Shilingi 50 ilikupa sahani yenye filamu kadhaa. Haikuwa biashara halali. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 ilikuwa wazi, na mlango ulifungwa haraka habari ya msako ilipofika. Lakini kwa kijana wa Ruiru ambaye maktaba iliyo karibu ilikuwa ya shule, na sinema iliyo karibu ilikuwa Nairobi, duka lile ndilo lililokuwa mlango wa dunia.

Mwaka 2009 nyaya za chini ya bahari za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa, na intaneti ya saiba ikaacha kusuasua. Mwaka huohuo matingatinga yakaingia barabara ya Thika. Tulikula vumbi kwa takriban miaka mitatu. Mabanda ya kando ya barabara yakavunjwa, steji zikahamishwa, na mashamba ya kahawa ya Ruiru yakaendelea kukatwa ploti za kujengea nyumba za kupangisha. Rais Mwai Kibaki alifungua barabara hiyo Novemba 2012. Wapangaji wapya walikuja na laptopu na flashi, na sahani ikaanza kupungua thamani: mteja sasa alitaka msimu mzima umwagwe ndani ya flashi yake, alipe, aende.

Mimi nilimaliza kidato cha nne Thika mwaka ule, na mapema 2013 binamu yangu akaniweka kwenye kaunta ya duka lake karibu na steji ya Ruiru. Kazi ilikuwa na taratibu zake. Flashi ya mteja hupitishwa kwanza kwenye programu ya kuua virusi, hata kama ana haraka. Fundi cherehani wa jengo la pili alitaka za Nigeria. Bawabu wa usiku alitaka za DJ Afro peke yake. Wasichana wa saluni walitaka za Kikorea, na walijua majina ya waigizaji kuliko mimi. Anime, yaani katuni za Kijapani, zilikaa kwenye folda iliyoitwa Katuni, pamoja na Tom na Jerry, na mapema nikajifunza kumwuliza mama anayewanunulia watoto katuni wana umri gani.

Folda hiyo ilijazwa na wanafunzi wa Juja. Kati ya Ruiru na Thika kuna Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia, JKUAT, kilichoanza mwaka 1981 kama chuo cha kati kwa msaada wa serikali ya Japani, kikawa chuo kikuu kamili mwaka 1994. Sidai kwamba Wajapani waliokuja kufundisha kilimo na uhandisi walileta katuni mifukoni. Nasema tu kwamba wanafunzi wa chuo hicho walikuwa na intaneti ya kasi, hard disk kubwa na kiu ya vitu vya Japani, na kwamba walikuja dukani kubadilishana: wao walitupa anime, sisi tuliwapa filamu zilizotoka wiki hiyo. Hakuna pesa iliyopita.

Ndivyo nilivyopata Shingeki no Kyojin, ambayo wengi huijua kama Attack on Titan. Ilitokana na vibonzo vya Hajime Isayama, mtu aliyezaliwa mwaka 1986 katika mkoa wa Oita, kwenye mji mdogo uliozungukwa na milima. Alianza kuvichapisha mwaka 2009. Studio ya Wit, chini ya mwongozaji Tetsuro Araki, ilivigeuza kuwa anime iliyoanza kuonyeshwa Aprili 2013, sehemu moja kila wiki hadi Septemba, sehemu 25 kwa jumla. Sisi tulizipata zikiwa na maandishi ya Kiingereza chini, siku chache baada ya Japani.

Watu waliobaki duniani, au wanaoamini kwamba wao tu ndio waliobaki, wanaishi ndani ya kuta tatu zenye urefu wa mita 50, Maria, Rose na Sina. Nje kuna majitu yanayokula watu. Miaka mia moja inapita kwa amani. Kisha mwaka 845 jitu la mita 60 linachungulia juu ya ukuta wa mji wa Shiganshina, linapiga teke lango, na mvulana aitwaye Eren anamwona mama yake akiliwa. Nimetazama nyingine nyingi za giza: Claymore, Berserk ya 1997, Fullmetal Alchemist. Nazipenda. Lakini hii imenikaa tofauti, na sababu yake iko Gatundu.

Nimekulia kwenye hadithi za marimu, mazimwi ya Wakikuyu. Irimu huja kama kijana mtanashati, nywele zimefunika kisogo, na chini ya nywele hizo kuna mdomo wa pili. Kila mtoto wa kwetu anajua ile ya mhunzi aliyekwenda mbali kufua vyuma, mkewe akajifungua, na irimu akajifanya mwuguzi: anampikia mama, anamwonyesha chakula, halafu anakila mwenyewe. Yule mama anaanika mbegu za mbarika, njiwa anakuja kuzidonoa, naye anamtuma njiwa akamwite mumewe. Majitu ya Isayama yana siri palepale kisogoni, maana ndipo pekee upanga unapoyaua, na hayo pia yalikuwa watu. Nilipoona hilo nilihisi niko nyumbani. Tofauti moja ilinitia baridi. Katika hadithi zetu irimu akishindwa husema akatwe kidole cha mwisho, na wote aliowameza wanatoka, na ng'ombe wao. Kwa Isayama aliyemezwa karibu kamwe hatoki. Majitu hayo hata hayana njaa. Yanakula na kutapika.

Desemba 2013 nilikwenda Gatundu kwa shosho, nyanya yangu, nikiwa na laptopu ya binamu. Alikaa kando yangu akimenya viazi, hasomi Kiingereza, akaniuliza mbona watu wale wamejifungia. Nikamweleza habari za ukuta. Akatazama kidogo, kisha akasema: "Wetu haukwenda juu, ulikwenda chini." Ndipo akaanza kunisimulia habari ambazo sikuwahi kuzisikia kwake.

Hali ya Hatari ilitangazwa na Gavana Evelyn Baring tarehe 20 Oktoba 1952. Shuleni tulifundishwa kuhusu kesi ya Kapenguria, kuhusu Dedan Kimathi na wapiganaji wa Mau Mau msituni. Vijiji vilipata mstari mmoja au miwili. Kumbe kati ya Juni 1954 na mwishoni mwa 1955, zaidi ya watu milioni moja wa Mkoa wa Kati waliondolewa kwenye boma zao zilizotawanyika matutani na kusongamanishwa katika vijiji zaidi ya 800 vyenye ulinzi. Shosho alikuwa msichana. Nyumba yao ilichomwa na vitu vichache vilivyookolewa vikabebwa mgongoni. Wanawake na wasichana ndio waliochimba handaki kuzunguka kijiji kipya, kwa jembe na kwa karai, na sakafuni mwake wakapanda vijiti vilivyochongwa ncha. Lango lilikuwa moja. Juu ya mnara walikaa ngati, walinzi weusi wa serikali, na baadhi yao walikuwa majirani. Ilipigwa kengele, watu wakatoka kwenda shambani kwa saa chache chini ya bunduki. Ilipigwa tena, wakarudi hata kama magunia hayajajaa. Njaa, alisema, iliua watoto kuliko risasi. Kwenye kingo za msitu wa Mlima Kenya watu walilazimishwa kuchimba handaki jingine, la takriban kilomita 80, kuwatenga wapiganaji na chakula.

Basi jioni ile sikuwa natazama njozi tena. Niliwatazama watu wa Shiganshina wakipanga foleni ya mkate baada ya ukuta kuvunjwa, na shosho akasema huyo mwenye kugawa mkate ndiye wa kuogopwa.

Binamu alifunga duka kabla ya msimu wa pili kutoka. Netflix iliingia Kenya Januari 2016, bando zikashuka bei, waya wa faiba ukafika hadi kwenye ploti za kupangisha, na hakuna aliyehitaji tena kubeba flashi. Msimu wa pili ulikuja Aprili 2017, miaka minne baada ya ule wa kwanza. Chumba chetu kilikuwa kimeshageuka kibanda cha M-Pesa na kava za simu. Maduka mengi ya Thika mjini yalifuata njia hiyohiyo, na vijana walioyaendesha wakahamia kwenye ukarabati wa simu.

Kwa hiyo chumba cha chini cha hadithi ile nilikiona peke yangu, kwenye simu, mwaka 2019. Tangu mwanzoni Eren anabeba ufunguo wa chumba kilicho chini ya nyumba ya baba yake. Kinapofunguliwa hatimaye, ndani yake hamna silaha, mna vitabu. Na vitabu hivyo vinasema kwamba watu wa ndani ya kuta si mabaki ya wanadamu. Dunia nzima iko ng'ambo ya bahari, na mfalme wao wa zamani aliwafuta kumbukumbu ili wasijue walikotoka. Niliposoma maandishi yale chini ya skrini nilifikiria Hanslope Park. Kenya ilipokaribia uhuru, mwaka 1963, takriban majalada 1,500 ya serikali ya kikoloni yalisafirishwa kwa ndege hadi Uingereza na mengine yakachomwa. Yale yaliyosafirishwa yaliishia kufichwa Hanslope, huko Buckinghamshire, na serikali ya Uingereza ilikiri kuwa nayo mwaka 2011 tu, baada ya wazee wa Kenya kuishtaki kwa mateso ya kambi za kizuizini za Hali ya Hatari. Tarehe 6 Juni 2013 waziri William Hague alisimama bungeni London akaeleza majuto na kutangaza malipo ya pauni milioni 19.9 kwa madai ya waathiriwa 5,228. Juni ile mimi nilikuwa kaunta Ruiru nikisubiri sehemu mpya ya wiki. Habari hiyo ilipita redioni, na hakuna mteja aliyeizungumzia.

Baada ya chumba kile, hadithi inahamia Liberio, mtaa uliozungushiwa ukuta ambako watu wa kabila la Eren hawatoki bila kibali na lazima wavae kitambaa mkononi. Babu zetu walivaa kipande, kile kitambulisho cha kikoloni, shingoni, ndani ya kikopo cha bati, kuanzia 1920. Hapo Isayama hakuhitaji kunieleza lolote.

Wapo wanaosema mwisho wake uliharibu kazi nzima, kwa sababu Eren, mtoto aliyelia pale Shiganshina, anageuka na kukanyaga dunia. Mimi nasema ndipo ilipopata ukweli wake. Lari iko Kiambu, hapo juu tu. Usiku wa 26 Machi 1953 Mau Mau walichoma nyumba za watu walioonekana kuwa upande wa serikali, na waliokufa wengi walikuwa wanawake na watoto; kisasi kilichofuata kikaua wengine wengi. Familia za pande zote mbili bado zinalima mashamba yanayopakana. Msanii anayenieleza kwamba aliyeonewa hawezi kuonea ananidanganya, na Isayama hakunidanganya. Vibonzo vilikamilika Aprili 2021, na anime, iliyomaliziwa na studio ya MAPPA, Novemba 2023. Kwangu hakuna kazi ya kubuni, ya hapa au ya ng'ambo, iliyoeleza vizuri zaidi maisha ya watu waliofungiwa na kunyimwa historia yao.

Majalada ya Hanslope sasa yako katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Uingereza, Kew, kwa namba FCO 141, na mtu yeyote anaweza kuomba kuyasoma. Lakini mengi ya yale aliyoniambia shosho hayaandikwi na maofisa. Msichana wa miaka kumi aliyeshika jembe kwenye handaki mwaka 1954 sasa amepita miaka 80. Kama una mmoja Gatundu, Githunguri, Kandara au Gatanga, nenda ukae naye, weka simu irekodi, umwulize lango la kijiji lilikuwa upande gani na nani alikuwa juu ya mnara.