Jina Lako la Wapi?

Watoto wa wahamiaji wamelisikia mno swali hili: "Wewe kwenu hasa ni wapi?" Jina ndilo linalowaponza, hata kama kitovu kimezikwa hapa hapa.

Oktoba 1961 Bunge la Tanganyika lilibishana juu ya uraia. Wapo waliotaka uwe wa Waafrika peke yao. Mwalimu Nyerere akakataa katakata, akasema serikali yake iko radhi kujiuzulu. Hivyo uraia ukafuata utii kwa nchi, siyo rangi.

Mwaka 1975 Mohammed Dewji akazaliwa Singida, ukoo wake asili yake Gujarat, India. Mwaka 2005 Singida Mjini wakampa ubunge, akaushika hadi 2015. Mtaani ni Mo tu, basi!

Na tusijidanganye. Tundu Lissu, aliyezaliwa Ikungi mwaka 1968, katika majina yake limo Antiphas, lenye asili ya Kigiriki. Nani anamwambia arudi Ugiriki? Yosefu, Mohamedi, nayo yalikuja na wageni.

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jina nalo tulipe jembe, likalime nasi.