Bunduki ya Upepo na Kasiba Zake

Katika masanduku ya bunduki yaliyotengenezwa London mwishoni mwa karne ya 18 na mwanzoni mwa karne ya 19, kwa ajili ya mabwana wenye ardhi na wasaa, huonekana mara kwa mara jambo la kumshangaza mtu aliyezoea silaha ya baruti: kitako kimoja, mtambo mmoja, pampu moja ya mkono, na kasiba mbili zilizolazwa ubavu kwa ubavu, moja ikiwa na mifereji ya mzunguko ndani yake kwa ajili ya risasi ya duara, na ya pili ikiwa laini kwa ajili ya marisau ya kupigia ndege. Mwenyewe akitaka sungura hufunga hii, akitaka njiwa huifungua akafunga ile. Kazi hiyo hiyo ndiyo waifanyayo leo mafundi wa bunduki za upepo zenye nguvu, wanapotoa kasiba ya kipenyo kimoja wakatia ya kipenyo kingine. Na mintarafu ya historia yake, mimi naona kwamba haieleweki mpaka ikubaliwe kwanza kuwa kasiba ya bunduki ya upepo haibadilishwi peke yake, kwa maana anayeigusa ameigusa na pumzi iliyo nyuma yake.

Mwenye bunduki ya baruti, akibadili kasiba nyembamba kwa pana, hana la kufanya ila kuzidisha kipimo cha baruti, kwa sababu moto wake huzaliwa pale pale afyatuapo. Mwenye bunduki ya upepo hana fursa hiyo, kwani nguvu yake imekwisha kukusanywa kabla hajalenga. Watu wa kwanza walioijaribu sanaa hii walitosheka na nguvu haba: bunduki ya mwaka wa 1580 hivi, iliyohifadhiwa katika jumba la silaha za kifalme la Stockholm, ina mvukuto uliofichwa ndani ya kitako, nao haukuwa na haja ya zaidi ya kurusha kishale. Marin le Bourgeoys wa Lisieux, aliyemfanyia kazi Mfalme Henri wa Nne wa Ufaransa, aliuacha mvukuto akashika upepo ulioshindiliwa, na habari ya chombo chake iliandikwa na David Rivault mwaka wa 1608.

Walakini aliyeifikisha hikima hiyo ukingoni mwa uwezo wa zama zake alikuwa Bartholomäus Girardoni, fundi wa Tyrol, ambaye bunduki yake iliingizwa katika jeshi la Austria yapata mwaka wa 1780, enzi ya Kaisari Joseph wa Pili. Urefu wake ulikuwa mita 1.2 hivi, uzito kilo 4.5, na kipenyo cha kasiba kiasi cha milimita 12, yaani risasi yenye kuweza kumwangusha mtu na hata mnyama mkubwa. Ubavuni palikuwa na mrija uliochukua risasi 20; askari aliinua mdomo wa bunduki juu, akasukuma kipande cha chuma kwa kidole, risasi moja ikateremka mahali pake, ilhali mwenziwe wa baruti alikuwa angali anashindilia. Kitako chenyewe ndicho kilichokuwa chupa ya upepo, kimeundwa kwa bamba la chuma lililopigwa ribiti na kuzibwa kwa shaba, na ndani yake upepo ulikazwa kufika atmosfia 55 hivi, takriban mara saba ya upepo wa gurudumu la lori la leo. Kuijaza chupa hiyo kwa mkono kulitaka kupiga pampu mara 1,500 au karibu yake, na malipo ya jasho hilo yalikuwa mapigo yapatayo 30 yenye nguvu ya kutegemewa, ambayo kila moja lilikuwa dhaifu kidogo kuliko lililotangulia. Hapo ndipo ilipo hesabu yote ya chombo hiki. Lau Girardoni angaliipanua kasiba yake zaidi, kila risasi ingalikunywa upepo mwingi zaidi, na askari angalibaki na mapigo machache asiyoweza kwenda nayo vitani. Lau angaliifanya nyembamba, mapigo yangaliongezeka, lakini risasi ingalikuwa nyepesi isiyomfaa adui wa mbali. Kipenyo alichokichagua kilikuwa mapatano baina ya mkono wenye kupampu na mwili wenye kupigwa. Kilichoiondoa bunduki hiyo jeshini kufikia mwaka wa 1815 ni ugumu wa kuitunza: vipande vya ngozi vya kuzuia pumzi vilitakiwa viwe na unyevu daima, na mafundi wenye kuweza kutengeneza chupa isiyovuja walikuwa wa kuhesabika.

Bunduki ya namna hiyo, ambayo wengi wanaamini kuwa ni ya Girardoni hasa, aliichukua Meriwether Lewis alipoanza safari yake ya kuvuka Marekani. Na katika habari za siku ya kwanza ya daftari lake, tarehe 30 Agosti 1803, imeandikwa kwamba mtu asiyeizoea aliifyatua bila kukusudia, risasi ikamkwaruza panja mwanamke aliyesimama kiasi cha yadi 40. Alipona, alhamdulillahi.

Uingereza ya Malkia Victoria iliipenda bunduki ya upepo katika umbo la bakora. Nusu ya nyuma ya bakora ilikuwa chupa, nusu ya mbele kasiba laini. Na ndani ya kasiba hiyo mafundi wa London na Birmingham walipenyeza kasiba ya pili, nyembamba, yenye mifereji, ikakazwa kwa skrubu. Kuichomoa ilikuwa kazi ya dakika moja, na bwana aliyekuwa akitembea na silaha ya risasi akawa anatembea na ya marisau. Bakora za jinsi hiyo huenda zilimpa Arthur Conan Doyle dhana ya kisa chake cha Sherlock Holmes cha mwaka wa 1903, alipomtia adui, Kanali Moran, mkononi bunduki ya upepo yenye kupiga risasi za bastola. Wapenzi wa Bwana Msa, mpelelezi wa Muhammed Said Abdulla aliyefuata nyayo za Sherlock Holmes, watanisamehe nikisema kwamba kisa hicho kitamu kina kasoro moja ya kifundi: Moran aliitayarisha silaha yake kwa kuuelemea wenzo mara moja tu, na pumzi ya mkazo mmoja wa mkono haitoshi kabisa kusukuma risasi nzito kwa kasi ya kuua ng'ambo ya barabara.

Mkazo mmoja wa mkono ndio hasa uliokuwa umeanza kutawala wakati huo, maana kamani ya chuma ilikuwa imechukua nafasi ya chupa: mpigaji anaikaza kamani, akifyatua inasukuma pistoni, na pistoni inaubana upepo nyuma ya risasi kwa kufumba na kufumbua. Lincoln Jeffries wa Birmingham alipata hati ya uvumbuzi wake mwaka wa 1904, na kiwanda cha BSA kikaanza kuzitengeneza bunduki zake mwaka uliofuata, kikazipanga vipenyo kwa namba: ya kwanza milimita 4.5, ya pili 5.5, ya tatu 6.35. Mnunuzi alichagua dukani, na chaguo lake likawa la maisha.

Waliolivunja sharti hilo walikuwa Webley na Scott, wa Birmingham vile vile, ambao mwaka wa 1932 walitoa bunduki yenye kasiba za vipenyo vyote vitatu, kila moja ikitolewa na kurudishwa kwa mkono shambani, bila fundi. Ninaistahi kazi ile, kwa kuwa chuma chake kimechongwa kwa uadilifu usioonekana siku hizi. Lakini kamani ilikuwa moja kwa kasiba zote, na kamani haijui kipenyo. Risasi ya 4.5 ilikwenda kasi na kunyooka, ya 5.5 ilikwenda vizuri, na ile ya 6.35, iliyo nzito kuliko zote, ilijikokota na kuanguka mapema, hata mpigaji akalazimika kulenga juu ya alama. Alikuwa amenunua kasiba tatu na nguvu moja.

Chupa ya upepo ilirudi katika miaka ya 1980, hususa Uingereza, ikijazwa kwa mitungi ya wapiga mbizi kufika atmosfia 200 hivi, na ndipo kubadilisha kasiba kulipopata maana nyingine. Katika bunduki ya chupa, mkazo ule ule wa upepo ukisukuma risasi yenye mgongo mpana hutoa nguvu kubwa zaidi: eneo la kasiba ya 6.35 limezidi lile la 5.5 kwa theluthi moja, na limekaribia kuwa maradufu ya lile la 4.5. Kwa hiyo fundi anayefanya kazi hiyo sawasawa haishii kwenye kasiba. Hubadilisha na kipini cha kusukumia risasi, na hazina ya risasi, na tundu la kupitishia upepo, kisha huirekebisha kamani ya nyundo upya, la sivyo atapata bunduki yenye kumaliza chupa kwa mapigo machache, kama lile tatizo alilolikwepa Girardoni.

Na sheria nayo imeingia ndani ya kasiba. Tangu kanuni za mwaka wa 1969, bunduki ya upepo ya Uingereza ikizidi futi-pauni 12, yaani joule 16 na kitu, huhesabiwa silaha ya kuhitaji kibali cha polisi, hata mtu aliyeinunua kihalali huweza kutenda kosa mezani kwake kwa kufunga kasiba pana bila kupima kasi ya risasi baadaye. Ujerumani mpaka wa silaha zisizotaka kibali ni joule 7.5, chini ya nusu ya ule wa Waingereza. Marekani, sheria ya shirikisho haiihesabu kabisa kuwa bunduki, kwa kuwa haina baruti, na mtu hubadilisha kasiba apendavyo, isipokuwa katika majimbo machache kama New Jersey, ambako bunduki ya upepo na ya baruti zimewekwa katika fungu moja.