Mizunguko Mitano ya Willy T. Ribbs

Mashindano makuu ya motakaa za magurudumu wazi huko Indianapolis, Marekani, yalianza mwaka 1911. Ikapita miaka themanini kabla ya Mmarekani mweusi kushindana humo. Mahodari walikuwapo. Charlie Wiggins, fundi na dereva wa mji huo huo, alifungiwa mlango kwa sababu ya rangi yake, akashinda mara nne katika mashindano ya Weusi yaliyoanzishwa mjini humo mwaka 1924.

Willy T. Ribbs alizaliwa California mwaka 1955. Alivuka bahari kujifunza kazi, na mwaka 1977 akatwaa ubingwa mmojawapo wa Formula Ford nchini Uingereza. Mwezi wa Mei, 1991, alifuzu kuingia Indianapolis kwa mwendo uliozidi maili 217 kwa saa. Siku ya mashindano injini yake iliharibika baada ya mizunguko mitano tu kati ya 200. Alirudi mwaka 1993, akazunguka mara 194 na kuwa wa 21.

Mwenye kuhesabu vikombe ataipita habari hii upesi. Sisi tusomao historia yatupasa kuipima mizunguko ile mitano kwa miaka themanini iliyoitangulia, na kumkumbuka Wiggins, aliyefariki mwaka 1979 asiione siku ile.