Maji yaliyojificha njiani mwa Reli ya Uhuru

Mwambie mkazi wa Chapwa, hapa Tunduma, kwamba kuna watu duniani wanaolipwa mshahara kuyafukuza maji safi ya chemchemi, usiku na mchana, atadhani unamtania. Kwetu dumu la lita 20 lina heshima yake. Kiangazi kikikaza, foleni ya madumu hushindana na foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Nakonde. Lakini reli inayoupita mji huu, TAZARA, au Reli ya Uhuru, imepigana miaka yote na maji ambayo hakuna aliyeyaita.

Reli za zamani ziliyatafuta maji. Injini ya mvuke ilikuwa na kiu isiyokwisha, na fundi aliyepanga stesheni alianza kwa kuuliza kisima kiko wapi. Nairobi yenyewe ni mtoto wa kiu hiyo. Mwaka 1899 Waingereza waliokuwa wakijenga reli kutoka Mombasa waliweka kambi kwenye uwanda wa majimaji ambao Wamaasai waliuita kwa maji yake baridi, na jina likabaki. Wajerumani nao walipoanza Reli ya Kati pale Dar es Salaam mwaka 1905 waliipitisha, baada ya Kilosa, katika bonde la Mto Mkondoa. Mto huo umelipiza kisasi mara nyingi. Mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yaliikata njia kati ya Kilosa na Gulwe, tuta likasombwa, reli zikabaki zinaning'inia hewani kama kamba za kuanikia nguo.

TAZARA haikuwa na kiu hiyo, kwani vichwa vyake vya treni tangu siku ya kwanza vilikuwa vya dizeli kutoka China. Mpimaji wake alikuwa na uhuru ambao mwenzake wa 1905 hakuwa nao: aliweza kuyakwepa maji kila ilipowezekana. Tatizo ni kwamba kati ya bonde la Kilombero na nyanda za juu hakuna pa kukwepea.

Mkataba wa ujenzi ulitiwa saini Beijing tarehe 5 Septemba 1967, baada ya nchi za Magharibi kusema kwamba reli hiyo haina faida. Kazi ikazinduliwa Oktoba 1970, na kufikia Novemba 1971 njia ilishafika Mlimba, kilomita 502 kutoka Dar es Salaam. Mwaka mmoja tu! Ukiangalia ramani utadhani kilichobaki kilikuwa cha mteremko. Mbele ya wajenzi, hata hivyo, palikuwa na kipande cha Mlimba hadi Makambako, chini kidogo ya kilomita 160, ambacho kimebeba karibu theluthi nzima ya kazi ngumu ya reli yote: madaraja, mahandaki na kukata milima. Daraja la Mto Mpanga limesimama karibu mita 50 juu ya bonde. Handaki namba tatu la Irangi lina urefu wa takribani mita 800.

Ukiutazama mlima kutoka nje unaona mwamba mkavu. Kwa ndani ni mtungi wenye nyufa. Miamba ya huko ni mikongwe mno, imepasuka na kuoza kwa mamilioni ya miaka. Mvua ikinyesha, sehemu yake hukimbilia mtoni na sehemu huzama, ikipita ufa hadi ufa, mpaka inapokutana na tabaka la udongo mfinyanzi au jiwe lisilo na tundu. Hapo maji hukaa. Chemchemi tunayochota bondeni ni maji yaliyopata mlango. Mengi zaidi bado yanautafuta. Sasa aje mtu na baruti atoboe shimo refu katikati ya mlima. Ameyafungulia mlango.

Ndiyo maana handaki laweza kuvuja wiki nyingi baada ya mvua kukatika. Maji ya chini ya ardhi hayana haraka. Na ndiyo maana fundi anayeziba ufa kwa zege na kuondoka akiwa ameridhika hurudi na kukuta maji yametokea hatua kumi mbele, safari hii kwa nguvu zaidi.

Waingereza walijifunza hilo kwa gharama kubwa. Mwaka 1873 kampuni ya Great Western ilianza kuchimba handaki chini ya mdomo wa Mto Severn, kati ya Uingereza na Wales. Hofu ya kila mtu ilikuwa mto uliokuwa juu ya vichwa vyao. Tarehe 18 Oktoba 1879 maji yakavunja ukuta, na katika muda wa saa 24 machimbo yakajaa. Maji hayo hayakuwa na chumvi! Hayakutoka mtoni. Yalitoka upande wa nchi kavu, kwenye chemchemi iliyokuwa imejificha ndani ya mwamba, nao wakaiita Chemchemi Kuu. Kazi ilisimama zaidi ya mwaka. Novemba 1880 mzamiaji Alexander Lambert alitembea gizani ndani ya maji zaidi ya mita 300, peke yake, kwenda kufunga mlango wa chuma ulioachwa wazi siku ya balaa. Alifaulu, lakini chemchemi haikusalimu amri. Mwaka 1883 ilivunja tena.

Hapo ndipo walipoacha kushindana nayo. Wakaichimbia njia yake ya pembeni, wakajenga kituo cha pampu pale Sudbrook, na mwaka 1886 abiria wakaanza kupita. Kazi ya kupampu haijakoma hapo hadi leo. Kila siku hutoa mamilioni ya lita. Maji hayo yalitumika katika kiwanda cha karatasi, na baadaye katika kiwanda cha bia. Sina hakika mkazi wa Chapwa angecheka au angelia akisikia habari hii.

Stesheni za chini ya ardhi zina kisa hicho hicho kila siku. New York hutoa kwa pampu takribani lita milioni 50 kwa siku, na hiyo ni siku isiyo na mvua. London, kwenye stesheni ya Sloane Square iliyofunguliwa mwaka 1868, mto mzima wa Westbourne unapita ndani ya bomba kubwa la chuma juu ya vichwa vya abiria. Wengi hawajui. Wanasubiri treni, wanasoma simu zao.

Sisi hatuna stesheni za namna hiyo, lakini mahandaki tunayo: zaidi ya 20 ya TAZARA, na manne ya reli ya kisasa ya SGR eneo la Kilosa, yenye jumla ya kilomita 2.6. Silaha yao ya kwanza ni mitaro. Handaki huchimbwa kwa mwinamo kidogo ili maji yatoke yenyewe. Ukuta wa zege huachiwa vitundu vya kutolea maji. Na kando ya reli hupita mfereji. Kazi ya kuusafisha ni ya genge la wafanyakazi wa reli, kwa sepeto na toroli.

Mfereji ukiziba, maji hurudi kwenye kokoto. Treni ikipita, taruma hubonyea na kurusha tope juu. Taratibu kokoto hugeuka uji, reli hupinda, na dereva huamriwa apunguze mwendo. Wasafiri wa TAZARA wanaolaumu injini kwa kuchelewa hawajakosea, ila wameisahau mifereji.

Reli ilifika mpakani hapa Tunduma Agosti 1973, ikakamilika New Kapiri Mposhi, Zambia, Juni 1975, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam. Wachina zaidi ya 60 walikufa katika kazi hiyo, pamoja na Watanzania na Wazambia. Baadhi ya Wachina hao wamezikwa Gongo la Mboto.

Septemba 2025 ulisainiwa mkataba mpya wa miaka 30 na kampuni ya CCECC ya China, wenye thamani ya dola za Marekani bilioni 1.4, kuifufua reli hii. Magazeti yameandika sana juu ya vichwa vipya na mabehewa mapya. Naomba wahusika watuambie pia ni kiasi gani kimetengwa kwa mitaro, makalavati na kuta za mahandaki ya kati ya Mlimba na Makambako. Na wewe msomaji wa Chapwa, siku ukipanda treni Tunduma kwenda Dar es Salaam, ukishapita Makambako usilale. Treni ikikaribia mdomo wa handaki, tazama chini pembeni ya reli uone kama mfereji uko wazi.